Sauti ya Waitikiaji

Nimesimama Shangani, Mji Mkongwe, mbele ya nyumba yenye picha za Freddie Mercury ukutani. Watalii wanapigana picha mlangoni, mmoja baada ya mwingine, na kijana mwenye baiskeli anapiga kengele ili wampishe. Mimi nimevaa hedifoni, na ndani yake kuna maelfu ya watu wa Ulaya wanaimba. Freddie amewaachia ubeti. Gitaa la Brian May linawasindikiza taratibu, na umati unaimba kwa sauti moja, kama darasa linaloimba wimbo wa shule.

Wimbo huo ni "Love of My Life", kutoka albamu ya Live Killers iliyotoka Juni 1979. Nimeusikiliza mara nyingi mno, na siku hizi simsikilizi tena mwimbaji. Nasikiliza umati.

Aliyekulia karibu na taarabu hatanishangaa. Kwenye taarabu msikilizaji hakai kitini akisubiri wimbo uishe. Anainuka, anakwenda jukwaani kwa madaha, anamtunza mwimbaji, na noti ile ni jibu: ubeti umefika ulikotumwa. Hata kwenye ngoma, mwimbaji asiye na waitikiaji ni mtu anayezungumza peke yake. Nusu ya wimbo iko mdomoni mwa wengine.

Kwa hiyo nataka kuipitia historia ya Queen kwa njia hiyo. Vibao vyao studio vimeshaandikwa sana. Nitapita kwenye maonesho yao na rekodi zilizobaki, na kila kituo nitauliza swali moja: upande wa pili alikuwepo nani, akiitikia? Ni swali jepesi mpaka ufike Oktoba 1984.

*

Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi. Baba yake, Bomi, alifanya kazi ya fedha katika serikali ya kikoloni ya Waingereza. Mtoto akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi Unguja 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Feltham, pembezoni mwa London. Alikuwa na miaka 17. Hayo kila muuza fulana wa Mji Mkongwe anaweza kukusimulia.

Miaka sita baadaye alikuwa na bendi pamoja na Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga dramu. Onesho la kwanza la Queen linahesabiwa kuwa la tarehe 27 Juni 1970, mjini Truro, Cornwall, kwenye hafla ya kuchangia Msalaba Mwekundu ambayo mama yake Taylor alihusika kuiandaa. John Deacon, mpiga besi, aliingia 1971, na kuanzia hapo hawakubadilishana tena kwa miaka 20.

Rekodi ya kwanza kubwa ya jukwaani ni ya Rainbow Theatre, London. Mafundi waliwarekodi pale Machi 1974, wakarudi Novemba mwaka huohuo na kamera. Halafu kanda zikawekwa kabatini. Albamu ya Live at the Rainbow '74 ilitoka 2014, yaani mtoto aliyezaliwa usiku ule angekuwa ametimiza miaka 40. Ukiisikiliza leo unakutana na bendi yenye njaa, inayopiga haraka na kwa nguvu, kama watu wanaoogopa kwamba umeme utakatika kabla hawajamaliza.

Mkesha wa Krismasi 1975 walipiga Hammersmith Odeon, London, na BBC ikalirusha onesho moja kwa moja redioni na kwenye televisheni. "Bohemian Rhapsody" ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza Uingereza. Majumbani watu waliweka kinasa sauti karibu na redio, wakarekodi, na kanda zile zikaanza kunakiliwa na kupita mkono kwa mkono. Albamu rasmi ya usiku ule ilitoka 2015. Kwa miaka 40, basi, historia ya jukwaani ya Queen ilitunzwa na mashabiki kwenye kanda za magendo zenye mikwaruzo. Kampuni zilikuwa na kanda safi. Mashabiki walikuwa na kumbukumbu.

*

"Bohemian Rhapsody" iliwaletea tatizo. Sehemu yake ya katikati, ile inayoiga opera, ilijengwa studio kwa kurundika sauti za watu watatu juu ya sauti zao wenyewe, tabaka kwa tabaka, mpaka zikawa kwaya nzima. Jukwaani walikuwa wanne. Suluhisho lao lilikuwa la ajabu na la kweli kwa pamoja: ilipofika sehemu ile waliondoka jukwaani, taa zikacheza, na spika zikapiga kanda ya studio. Kisha wakarudi kwa kishindo kumalizia wenyewe.

Wengine waliita udanganyifu. Mimi naona ni uungwana. Wangeweza kubaki jukwaani wakitikisa midomo. Badala yake walitoka, na kila aliyelipa kiingilio akajua kwamba anachosikia sasa ni kanda. Jambo hilo limo hata ndani ya Live Killers: albamu ya jukwaani yenye kipande ambacho hakuna aliyekipiga jukwaani.

Na si hilo tu. Live Killers ilirekodiwa katika ziara ya Ulaya mapema 1979, na nyimbo zake zilichaguliwa kutoka usiku mbalimbali, zikaunganishwa zisikike kama usiku mmoja. Ni onesho ambalo hakuna mtu duniani aliyelihudhuria. Huo ndio mwanzo wa somo langu kuhusu rekodi hizi. Kanda inanasa kila kilichotokea; albamu ni kile ambacho mtu fulani, baadaye, akiwa na mkasi mkononi, ameamua tukikumbuke.

Lakini kuna kitu mkasi haukuweza kukikata, nacho ni umati. Tarehe 29 Mei 1977 Queen walipiga Bingley Hall, Stafford. Walipomaliza na kutoka, watu hawakuondoka. Walianza kuwaimbia wao, wimbo ule unaoimbwa na mashabiki wa mpira wa Liverpool. May amesimulia mara nyingi kwamba usiku ule ulimbadilisha. Walikuwa wakiuona umati kama kitu cha kuzuia kisivuruge onesho; sasa wakajiuliza, vipi kama umati ungepewa kazi? Watu waliobanana wamesimama wanaweza kufanya nini? Kukanyaga chini. Kupiga makofi. Kuimba.

Kabla mwaka haujaisha wakatoa "We Will Rock You", ya May, ambayo karibu yote ni miguu na makofi, na "We Are the Champions", ya Mercury. Nyimbo hizo mbili zina nafasi tupu ndani yake, kama kiti kilichoachwa kwa mgeni. Mtu wa ngoma angezielewa papo hapo. Zimetungwa zikimngoja mwitikiaji.

*

Machi 1981 walipiga usiku mbili katika uwanja wa Morumbi, São Paulo, kila usiku mbele ya watu zaidi ya laki moja. Watu waliozungumza Kireno waliimba "Love of My Life" kwa Kiingereza. Kabla ya hapo walikuwa Argentina, ambako nako viwanja vilijaa, na ambako nchi ilikuwa chini ya wanajeshi waliokuwa wakiwapoteza raia wao. Queen walisema wamekuja kwa ajili ya watu, si serikali. Ilikuwa hoja inayosikika vizuri ukiwa umezungukwa na laki ya watu wanaoimba. Waliibeba hoja hiyohiyo mpaka Sun City.

Sun City lilikuwa jumba la anasa na kamari lililofunguliwa 1979 huko Bophuthatswana. Na Bophuthatswana ilikuwa nini? Ilikuwa moja ya "nchi" zilizobuniwa na utawala wa makaburu, ikatangaziwa uhuru 1977, uhuru ambao hakuna taifa jingine nje ya Afrika Kusini lililoutambua. Kazi ya nchi hizo ilikuwa kuwavua Waafrika uraia wa Afrika Kusini na kuwafanya wageni katika ardhi yao. Kamari iliyokatazwa Johannesburg iliruhusiwa kule. Watu wa rangi mbalimbali waliruhusiwa kukaa ukumbi mmoja kule. Na wasanii wakubwa wa dunia walilipwa fedha nyingi ili waende kule, maana kila jina kubwa lililopanda jukwaa lile lilisaidia kuonesha kwamba hiyo ni nchi kama nchi nyingine.

Desemba 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limewataka wasanii waisusie Afrika Kusini. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kilikataza wanachama wake kupiga Sun City. Queen hawakuwa wa kwanza kukaidi: Frank Sinatra alikwenda 1981, Elton John 1983. Oktoba 1984 walikwenda wao. Koo la Freddie lilimgomea, na baadhi ya maonesho yakafutwa. Waliporudi walitozwa faini na chama chao, na jina lao likaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo. Utetezi wao ulikuwa uleule: sisi si wanasiasa, tunampigia yeyote anayetaka kutusikia, na kumbini weusi na weupe walikaa pamoja.

Nimeujadili utetezi huu na marafiki mpaka usiku wa manane. Wapo wanaosema tuwaelewe, kwamba muziki hauna mpaka. Siwezi, na sababu yangu naipata kwa Queen wenyewe. Ni wao waliotufundisha, tangu Stafford, kwamba umati si mapambo ya onesho. Ni nusu ya onesho. Kama ni hivyo, basi mwanamuziki hawezi kuosha mikono kuhusu nani ameingia, nani amebaki nje, na nani kamjengea ukumbi. Ukumbi uliofunguliwa kwa wote ulisimama juu ya ardhi iliyobuniwa ili wengi wasiwe na nchi. "Yeyote anayetaka kutusikia" hakuwa yeyote. Alikuwa yule aliyeweza kufika.

Na kwetu jambo hili lina uchungu wake wa pekee. Mwaka huohuo wa 1984, huko Mazimbu, Morogoro, vijana wa Afrika Kusini waliokimbia nchi yao walikuwa wakisoma katika chuo cha ANC kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu 1979. Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Nchi ambayo Freddie alizaliwa ndani ya mipaka yake ya leo ilikuwa imewapa wakimbizi wale ardhi. Yeye alikuwa Sun City. Simlaumu kwa kuondoka Unguja. Aliondoka na wazazi wake, akiwa kijana, katika mwaka wa damu. Najiuliza tu kama aliwahi kuona kwamba, kati ya safari zote za Queen, mara pekee walipopiga katika bara alikozaliwa ilikuwa pale.

*

Miezi tisa baadaye, tarehe 13 Julai 1985, bendi ileile ilipanda jukwaa la Wembley, London, kuchangia waathirika wa njaa Ethiopia.

Hiyo ni Live Aid, na kila mtu ameiona. Uwanjani watu 72,000, jua bado halijazama, hakuna taa wala moshi wa kujifichia. Kila bendi ilipewa muda mfupi. Wengine walikuja na nyimbo mpya za kutangaza. Queen walikuja na vibao vinavyojulikana, vimekatwa na kushonwa pamoja, wamevifanyia mazoezi kama askari wa gwaride. Walikaa jukwaani kama dakika 21. Kwenye "Radio Ga Ga" mikono ya uwanja mzima ilipanda na kushuka pamoja. Kisha Freddie akasimama peke yake na kile kipande chake cha mhimili wa maikrofoni, akatupa sauti isiyo na maneno, na watu 72,000 wakamrudishia. Akaipandisha. Wakaipandisha. Wengi wao hawakuwa wamekuja kwa ajili yake.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Dakika zile 21 ziliundwa kwa miaka 15 ya kumbi ndogo, kwa usiku wa Stafford, kwa Morumbi. Hakuna rekodi inayoonesha vizuri zaidi nilichokiita nusu ya pili ya wimbo. Ndiyo maana filamu ya Bohemian Rhapsody ya 2018 inaanza na Live Aid na kuishia Live Aid. Sun City haimo kwenye filamu hiyo.

Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Live Aid inaweza kusimuliwa kama msamaha: walikosea Afrika Oktoba, wakaichangia Afrika Julai, yameisha. Lakini waliobaki nje ya Sun City na waliokuwa na njaa Ethiopia hawakuwa watu walewale, na hakuna kati yao aliyekuwa pale Wembley kuitikia. Walizungumziwa tu. Mwaka huohuo wa 1985 Steven Van Zandt aliwakusanya wasanii kadhaa, wakatoa wimbo walioupa jina la jumba lile, wakiapa kutolipanda jukwaa lake. Wimbo huo nao ulikuwa jibu, na Queen walikuwa miongoni mwa waliojibiwa.

*

Ziara yao ya mwisho pamoja na Freddie ilikuwa ya kiangazi cha 1986. Kwa sehemu kubwa, picha tulizonazo za Queen vichwani ni za miezi ile miwili: koti la njano, taji na joho la kifalme mwishoni mwa onesho. Julai 11 na 12 walijaza Wembley. Freddie aliwaambia watu kwamba kuna uvumi bendi inavunjika, akaukana kwa maneno makali yaliyowafanya wapige vigelegele.

Julai 27 walikuwa Budapest, nyuma ya ukuta wa Ulaya ya Mashariki, katika uwanja wa Népstadion. Katikati ya onesho Freddie akaanza wimbo wa kienyeji wa Kihungari, akichungulia maneno aliyoyaandika kwenye kiganja cha mkono. Sauti inayotoka kwa umati pale sijaisikia kwenye rekodi nyingine yoyote yao. Ni mshangao kwanza, halafu ni furaha ya mtu aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani. Kwa dakika mbili mambo yaligeuka: wao ndio wenye wimbo, yeye ndiye mwitikiaji.

Agosti 9 walipiga Knebworth, mbele ya watu wasiopungua 120,000. Hawakujua kwamba ni la mwisho. Desemba ikatoka albamu ya Live Magic, ambamo nyimbo zilikatwa ili zitoshe kwenye santuri moja. Hata "Bohemian Rhapsody" iliondolewa sehemu yake ya opera. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Rekodi ndefu ya Wembley ilitoka mwaka uliofuata, na wasikilizaji wengi waliujua umati ule kwa mara ya kwanza wakati aliyekuwa akiujibu ameshafariki.

Ziorodheshe albamu zao maarufu za jukwaani: Rainbow, Odeon, ziara ya Ulaya 1979, Montreal 1981, Milton Keynes 1982, Wembley, Budapest. Ulaya, Amerika, Ulaya tena. Sun City haimo. Naelewa kwa nini hakuna anayeharakisha kuitafuta. Labda ningekuwa na mkasi mkononi nami ningeiacha sakafuni. Lakini ningependa kuisikia. Freddie na koo lake linalokwama nimeshawasikia kwenye kanda nyingi za magendo. Pale ningesikiliza watu. Walikuwa wangapi? Waliimba kwa lafudhi ipi? Alipotupa sauti yake na kungoja, ni akina nani waliomrudishia?

Shangani watalii wamepungua. Jua linashuka upande wa Forodhani na wauza pweza wanawasha taa zao. Wimbo masikioni mwangu umefika mahali Freddie anaponyamaza ili wengine waendelee. Katika mji huu hakuwahi kupiga hata usiku mmoja, kwa hiyo hakuna kanda, safi wala ya magendo, inayoweza kutuambia tungemwitikia vipi. Ninaimba ubeti ule kwa sauti ndogo, nafasi ya kupumua mpaka nafasi ya kupumua. Kijana wa baiskeli anarudi, ananitazama, anapiga kengele. Nampisha.